Sabuni ya Kibuyu Namba Tatu

Kabla sijafika mbali, nikiri kosa langu mwenyewe, lisije likasemwa na mwingine. Vile vibao vya njano vilivyoandikwa NAWA MIKONO KABLA YA KULA, vilivyosimama kando ya foleni ya malori pale Tunduma, nilivichora mimi. Herufi zilikuwa nzuri, kila mtu alisema. Nikavisimika kwa mikono yangu, kimoja baada ya kingine, na nikavisimika mahali pabaya kuliko pote. Miezi miwili nilipita pale nikivitazama kwa raha, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na sikuona kosa. Aliyeliona ni msichana wa darasa la sita, na yeye aliliona kwa sababu ya kosa lake. Kwa hiyo hadithi hii si yangu. Ni yake.

Jina lake Gwantwa. Watoto wa mahali pengine huamshwa na jogoo, lakini Gwantwa aliamshwa na foleni. Malori yanayokwenda Zambia hupanga mstari mrefu kusubiri kuvuka mpaka, na mstari ukisogea kidogo tu alfajiri, injini zote huwashwa kwa mpigo mmoja. Kitanda kinatetemeka, vikombe vinagongana kabatini, na mbwa wa jirani anabweka kana kwamba ndiye aliyewasha.

"Foleni imeamka," mama yake alizoea kusema. "Na wewe amka."

Baba yake alikuwa Ibaba, kule milimani Ileje, akilima maharage. Mama yake alikuwa mama lishe wa foleni. Alipika bandani mbele ya nyumba, kisha akabeba wali, maharage na samaki kwenye ndoo zenye mifuniko, akapita lori hadi lori akiwauzia madereva. Gwantwa alichota maji, akaosha sahani, akavaa sare, akakimbia shule. Sare ile, madaftari yale, hata ule mkate wa asubuhi, vyote vilitoka kwenye zile ndoo.

Sasa, masika yaliyopita, ugonjwa wa kuhara ulipita kwenye foleni. Madereva waliugua, watoto wakaugua, na bwana afya wa kata akaja na faili lake kwapani. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, jambo ambalo lilitisha zaidi.

"Akina mama, mvua zijazo nikikuta madereva wanakula bila kunawa, nitawaondoa wote barabarani. Wote. Mimi mwenyewe nakula kwenu, lakini nitawaondoa."

Hapo ndipo shangazi yake Gwantwa, aliyeitwa Jenista, alipokusanya mama lishe ishirini na wawili na kuunda kikundi, wakakiita Tunanawa. Shangazi Jenista alikuwa na sauti ambayo akiita mtu Tunduma, mwenye jina kama hilo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anaitika. Aliandika andiko la kuomba fedha, akalipeleka kwenye Mfuko wa Jamii wa Mpakani.

Mfuko ule si serikali, wala si benki. Fikiria sufuria moja kubwa ambayo kila mtu anatia alichonacho. Wafanyabiashara wa Tunduma wanatia, wakulima wa Ibaba wanatia, wachemsha chumvi wa Ivuna wanatia, na makanisa nayo yanatia. Kilichomo hugawiwa kama ruzuku kwa vikundi vidogo vinavyosaidia watu bila kutafuta faida. Na Mfuko haukuishia hapo. Kila baada ya miezi michache Mfuko uliviita vikundi vyote mahali pamoja kwa siku moja, wakaelezana nini kimekwenda vizuri na nini kimegoma. Waliiita siku ya kujifunza.

Tunanawa walipata ruzuku ndogo ya kuanzia. Wakatengeneza vibuyu chirizi kumi. Bila shaka unavijua: dumu dogo linaning'inia kwenye fito, unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kamba pembeni. Vibuyu na vibao vyangu vya njano vikapangwa kando ya foleni, ng'ambo ya mtaro.

"Sasa tunataka kujua kama watu wanavitumia," alisema Dada Fausta, afisa wa Mfuko, ambaye alifika kwa pikipiki na kofia ngumu kichwani. "Msinihesabie vyote. Chagueni kimoja cha katikati. Mtu akae saa moja kila siku akiandika wangapi wamenawa. Wiki nane."

Kilichochaguliwa kilikuwa namba tatu, cha katikati katika vile vitano vya upande wa juu wa foleni. Na mwenye mwandiko mzuri alikuwa Gwantwa.

"Mpwa wangu huyu," Shangazi Jenista alisema akimshika bega, "anaandika tarakimu mpaka unatamani kuzila."

Siku ya kwanza Gwantwa alikaa kando ya kibuyu na daftari lake tangu saa tisa mpaka saa kumi. Hakuna aliyekuja. Siku ya pili alikuja mbuzi, akanusa sabuni, akaondoka kwa dharau. Siku ya tatu alikuja mtoto mdogo, akakanyaga kijiti mara kumi kwa furaha, lakini hakunawa, alilowesha miguu tu. Siku ya nne, kutoka uwanja wa shule zilisikika kelele za wenzake wakicheza rede.

Gwantwa akatazama daftari tupu. Akatazama kibuyu. Akasema moyoni, "Kesho watakuja. Leo niandike tu kama kesho."

Akaandika kumi na wawili, akaenda kucheza rede.

Uongo wa namna hiyo una tabia ya kutaka chakula kila siku. Wiki ya pili aliandika ishirini. Wiki ya nne thelathini na mmoja. Alizipandisha tarakimu polepole, kama mahindi yaliyowekwa mbolea, ili zipendeze. Wiki ya saba zilifika arobaini na tano kwa saa moja, na Shangazi Jenista alizisoma kwa sauti kanisani baada ya ibada, watu wakapiga makofi.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeshtuka. Mama aliyepangiwa kujaza maji kibuyu namba tatu alikuwa akimshukuru Mungu kwa kupewa dumu lisiloisha maji.

Alhamisi ya wiki ya nane, Dada Fausta alifika bandani uso ukimeremeta.

"Mama Gwantwa, Shangazi Jenista, nimeleta habari. Kamati imesoma tarakimu zenu. Jumamosi ni siku ya kujifunza, pale ukumbi wa kanisa. Mkieleza vizuri, kamati itawapa ruzuku kubwa. Vibuyu arobaini vipya, foleni nzima!"

Shangazi Jenista alipiga kigelegele mpaka dereva mmoja akadhani foleni imesogea, akawasha injini.

"Na tunataka mwenye kuhesabu asimame mwenyewe," Fausta aliongeza, akimgeukia Gwantwa. "Arobaini na tano kwa saa! Utatuambia ulikuwa ukiona nini pale."

Gwantwa alitabasamu kwa midomo tu.

Kesho yake, Ijumaa, wakitoka shule, mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Anania alimfuata nyuma. Anania alikuwa mtani wake wa siku nyingi.

"We Gwantwa, hongera. Nasikia unahesabu mpaka buibui."

"Buibui gani?"

"Yule wa kibuyu namba tatu. Amejenga kutoka kwenye dumu mpaka kwenye kibao. Nyumba ya ghorofa kabisa. Labda ndiye anayenawa, ana miguu minane, ukimhesabu kwa miguu unafika arobaini na tano haraka."

"Toka zako!"

"Natoka. Ila kamwulize Jumamosi anakuja na familia?"

Gwantwa hakwenda kwenye rede siku hiyo. Alikwenda mbio hadi kibuyu namba tatu, akiomba Anania awe mwongo. Anania hakuwa mwongo. Utando ulikuwapo, mnene, umetanda kama pazia. Na sabuni ilikuwa ikining'inia kwenye kamba yake. Aliishika. Wiki nane imekaa pale, lakini herufi zilizogandamizwa juu yake kiwandani zilisomeka zote, kama imetolewa kwenye karatasi jana.

Sabuni inayonawisha watu arobaini na tano kwa saa isingebaki na herufi hata siku moja.

Alikaa chini, akafungua ukurasa mpya, akaamua kwamba leo atahesabu kweli. Pengine Mungu angemwonea huruma akaleta watu. Saa moja ikapita. Sifuri. Lakini kwa kuwa hakuwa na la kuandika, alianza kutazama, na alipotazama aliona jambo ambalo watu wazima wote, pamoja na mchora vibao, hawakuliona.

Mbele yake kulikuwa na ukuta wa malori. Matairi, maturubai, vyuma. Hakumwona dereva hata mmoja. Kama yeye hawaoni, basi nao hawamwoni.

Akazunguka upande wa pili, akibana ubavuni mwa malori kama mama yake alivyomfundisha. Huko kulikuwa na soko zima. Madereva hukaa kulia, na mama lishe walipita upande huo wa kulia, wakiinua sahani hadi dirishani. Vibuyu na vibao vyote vilikuwa kushoto, nyuma ya malori, ng'ambo ya mtaro.

Mama yake alikuwa akimpa sahani dereva mmoja wa makamo aliyeitwa Watson, mtu wa Nakonde, mteja wao wa kila safari.

"Mulishani, bamayo!" Watson alimsalimia mama yake kwa Kibemba, kama alivyozoea. Kisha akafuta mikono yake yenye grisi kwenye suruali, mbele, nyuma, akaona imetosha, akachota wali kwa vidole.

"Anko Watson," Gwantwa aliita. "Kwa nini hunawi?"

"Ninawe wapi, mwanangu?"

"Kwenye kibuyu. Kiko hapo nyuma ya lori lako."

Watson alicheka mpaka punje ya wali ikaruka nje ya dirisha. "Kumbe kuna maji huko? Miezi miwili napita hapa sijayaona. Na hata ningeyaona, nishuke, nizunguke, niruke mtaro? Foleni ikisogea nikiwa huko, yule wa nyuma ananipita. Nimelala hapa siku tatu kwa ajili ya nafasi hii, sitaiuza kwa kunawa." Akamtazama kwa jicho la utani. "Halafu nikuulize. Nyumbani kwenu mgeni akija kula, mnamwambia aende akatafute maji nyuma ya nyumba?"

"Hapana. Tunamnawisha."

"Nani?"

"Mimi. Mimi ndiye mdogo."

"Basi! Mimi nimekuwa mgeni wenu miaka sita, na hakuna aliyeninawisha. Nilidhani mnanichukia."

Gwantwa aligeuka akakimbia bandani, akachukua jagi la maji, beseni na kipande cha sabuni ya mama yake, akarudi akihema. Akapanda ngazi ya kabini, beseni mkono wa kushoto, jagi mkono wa kulia, kama anavyofanya nyumbani wageni wakiketi mkekani. Watson akanyoosha mikono dirishani. Maji yaliyoanguka kwenye beseni yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

"Natotela sana," Watson alisema, na kwa Kibemba hiyo ni asante. Akatoa kichwa nje akamwita dereva wa nyuma. "We bwana! Huku kuna hoteli ya nyota tano, unanawishwa ukiwa umekaa!"

"Nileteeni na mimi!" sauti ikajibu. Kisha honi. Kisha nyingine.

Mpaka jagi la tatu linakwisha, Gwantwa alikuwa amenawisha watu kumi na mmoja. Akawaandika kwenye daftari. Kumi na mmoja. Ilikuwa tarakimu ya kwanza ya kweli katika wiki nane, na ilionekana ndogo sana kando ya arobaini na tano.

Jioni hiyo, wakimenya viazi bandani, alimweleza mama yake yote. Rede, tarakimu alizozipandisha, buibui, sabuni. Mama yake hakuinua macho. Alimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kama yai la kwale.

"Shangazi yako amesimama kanisani kwa tarakimu hizo."

"Najua, mama."

"Na tukikosa ruzuku, bwana afya akatuondoa, hatuli."

"Najua. Lakini wakituletea vibuyu arobaini, vitakuwa arobaini vya buibui. Mvua zikija watu wataugua tena, na bado atatuondoa."

Mama aliweka kisu chini. "Utasema mwenyewe. Mimi sitakusemea. Ila nitakaa mstari wa mbele, ukiogopa unitazame mimi."

Ukumbi wa kanisa ulijaa Jumamosi. Vikundi vilikuja kutoka pande zote za mkoa, na kila kimoja kilisimama kikajisifu. Wa Ibaba walisifu maktaba yao. Mzee Yonasi, aliyeongoza kikundi cha wachemsha chumvi wa Ivuna, alisifu choo walichojenga kwa ruzuku, akasema ni choo kizuri hata mtu anasita kukitumia. Kila mtu alipigiwa makofi.

Dada Fausta akasimama. "Asanteni. Sasa nauliza swali ambalo hakuna anayelipenda. Nani atatuambia kilichogoma?"

Watu walikagua kucha zao. Mzee Yonasi aliona kitu cha kuvutia sana darini.

Gwantwa alisimama. Alimtazama mama yake, akaanza.

"Shikamooni. Mimi ndiye niliyehesabu kibuyu namba tatu. Arobaini na tano si kweli. Thelathini na mmoja si kweli. Nilikuwa nacheza rede, naandika tu. Hakuna aliyenawa pale. Hata mmoja. Naomba mnisamehe."

Shangazi Jenista, mwenye sauti ya kufika Nakonde, alijifunika uso kwa kanga na hakutoa hata mlio. Nyuma kabisa Anania alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akameza kicheko.

Gwantwa akainua ile sabuni. Alikuwa ameikata kwenye kamba yake asubuhi. "Mnaona herufi? Bado zipo."

Dada Fausta aliipokea, akaigeuza, akaisoma. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na tabasamu. "Umetudanganya wiki nane," alisema. "Hilo tutalizungumza. Lakini umesimama wewe mwenyewe. Unajua kwa nini hawanawi?"

"Ndiyo. Ila siwezi kueleza hapa. Twendeni mkaone."

Basi siku ya kujifunza ikatoka ukumbini ikaenda barabarani. Watu sitini, na wazee na mikoba na watoto mgongoni, walijipanga kwanza upande wa mtaro. Wakaona buibui akiwa nyumbani kwake. Wakaona kibao changu kizuri kikitazama turubai la lori. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na nilijificha nyuma ya mtu mnene. Kisha Gwantwa akawapitisha mbele, upande wa madereva, wakasimama pembeni kabisa. Akachukua jagi na beseni, akapanda ngazi ya lori la kwanza.

"Shikamoo, anko. Mikono kwanza."

Dereva yule hakumjua Gwantwa wala kikundi wala Mfuko. Lakini mikono yake ilinyooka yenyewe, kwa sababu hakuna mtu wa huku kwetu ambaye hajui afanye nini akiona jagi na beseni mbele yake. Amefundishwa na bibi yake kabla hajajua kutembea.

"Hatukuwa na haja ya kuwafundisha kunawa," alisema mama yake Gwantwa taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Wanajua. Sisi ndio tulisahau kuwanawisha."

Mzee Yonasi alikohoa. Akakohoa tena. "Jamani, na mimi niseme. Kile choo chetu cha Ivuna tumekijenga mbali na mashimo ya chumvi, hakuna anayeacha moto wake akaenda huko. Sasa hivi tunatunzia magunia ya chumvi."

Watu wakacheka mpaka honi zikajibu. Na baada yake mama wa Ibaba akasema maktaba yao hufunguliwa wakati watoto wako shambani. Kila mtu akawa na lake. Dada Fausta alijaza kurasa kumi na moja za daftari lake siku ile, na alisema hajawahi kuwa na siku ya kujifunza iliyofundisha hivyo.

Lakini hakumsamehe Gwantwa kirahisi, na hilo lilikuwa sawa.

"Andiko lenu nimeliweka kando," aliwaambia Tunanawa. "Lina tarakimu za uongo, kamati haiwezi kuligusa. Nawapa wiki nne. Nawisheni kwa majagi, mhesabu upya. Gwantwa atahesabu, na mtu mwingine atahesabu pembeni yake, kila mmoja na daftari lake. Yasipolingana, tumemaliza."

"Nani atakaa naye?" aliuliza Shangazi Jenista, sauti ikiwa imeanza kurudi.

"Yule aliyekuwa anacheka nyuma," Fausta alisema.

Basi Anania akapewa daftari. Kila siku saa tisa walisimama wawili, na wakitofautiana hata kwa mtu mmoja walirudi kumwuliza dereva, "Samahani, anko, wewe umenawa?" Wiki ya kwanza wastani ulikuwa tisa kwa saa. Ilimwuma Gwantwa kuandika tisa. Aliandika. Wiki ya pili akina mama walikubaliana jambo moja: anayeuza anabeba jagi, na sahani haiinuliwi mpaka mikono imelowa. Wiki ya tatu tarakimu zilifika ishirini na saba. Ya nne, thelathini na nane, na mara hii hakuna aliyeweka mbolea. Sabuni za kikundi zikaanza kuisha, na siku Shangazi Jenista alipoona kipande chembamba kama jani, kisicho na herufi hata moja, alikiinua juu akaimba.

Kamati ya Mfuko ilikaa, ikapiga kura, ikawapa ruzuku kubwa. Si ya vibuyu arobaini. Ilikuwa ya majagi, mabeseni yenye mifuniko, sabuni, na vizibao vya kung'aa ili magari yawaone akina mama wanapopita barabarani. Ilikuwa pia ya safari. Tunanawa walikwenda Ivuna kuwaonyesha wachemsha chumvi jinsi huduma inavyomfuata mtu pale alipo, na watu wa Ivuna wakahamisha choo chao. Vibuyu vya zamani vilihamishiwa shuleni, vikapata watumiaji. Buibui alihama mwenyewe.

Mvua zikaja mwezi wa kumi na mbili. Siku moja ya likizo, maji yakibubujika mtaroni, Gwantwa alipanda ngazi ya lori la Watson na jagi lake. Kando ya Watson aliketi abiria mmoja, koti limefunika mpaka kidevuni, kofia mpaka kwenye nyusi. Mama yake Gwantwa alikuwa chini na sahani mbili. Abiria akanyoosha mkono dirishani, akavuka juu ya Watson, moja kwa moja kwenye wali.

"Mikono kwanza, anko," Gwantwa alisema, akimzuia kwa beseni.

"Nina haraka, mtoto. Lete chakula."

"Hata foleni ina haraka, lakini iko hapa siku ya tatu. Mikono kwanza."

"Nikikulipa mara mbili?"

"Utakula mara mbili. Lakini utanawa mara moja."

Watson alikuwa ameinamia usukani, mabega yakimtikisika. Abiria akavua kofia. Alikuwa bwana afya wa kata, na chini ya koti alikuwa na faili lake.

Mama yake Gwantwa nusura aangushe sahani. Lakini bwana afya alinyoosha mikono, akanawa polepole, katikati ya vidole na chini ya kucha, kama anavyowafundisha wengine. Kisha akafungua faili, akalitazama kidogo, akalifunga.

"Lori la saba tangu asubuhi," alisema. "Na kwenye yote saba nimezuiwa. Mama, sahani yangu iko wapi? Hakuna atakayeondolewa hapa."

Kelele iliyopigwa na Shangazi Jenista siku ile, watu wa Nakonde bado wanaizungumzia.

Jumapili iliyofuata walikusanyika bandani kwa mama yake Gwantwa. Mama lishe wote ishirini na wawili, na Dada Fausta, na bwana afya, na Watson ambaye lori lake lilikuwa limevuka, likarudi. Mzee Yonasi alikuja na mfuko wa chumvi na Anania akaja na njaa. Ugali ulikuwa kama kilima, samaki wa kukaanga wamepangwa ukingoni mwa sinia. Kabla ya kula, Dada Fausta alimwita Gwantwa mbele.

"Watu wanadhani Mfuko unataka vikundi visivyokosea," alisema. "Hakuna kikundi cha namna hiyo. Tunachotaka ni kikundi kinachotuonyesha kilipokosea, ili ruzuku iende mahali panapouma. Gwantwa alituficha kwa wiki nane, tukakaribia kumjengea buibui majumba arobaini. Akasema kweli kwa dakika mbili, na foleni nzima imenawa. Watoto, mkipewa kazi ya kuhesabu, hesabuni kinachoonekana, hata kikiwa sifuri. Sifuri ya kweli ndiyo iliyotuleta hapa."

Makofi yakapigwa. Shangazi Jenista alimkumbatia mpwa wake mpaka kichwa cha mtoto kikapotea ndani ya kanga.

Kisha Gwantwa, akiwa ndiye mdogo, akachukua jagi na beseni. Alianza na Mzee Yonasi, akaja kwa bwana afya, Dada Fausta, Watson, shangazi yake, mama yake, akina mama wote mmoja mmoja, hata Anania, ambaye alimwagiwa maji ya baridi zaidi. Hata mimi, nikiwa nimejikunja kwenye kona, nilinawishwa na nikasamehewa. Kila aliyenawa aliingiza mkono kwenye ugali. Vidole vikakimbia, samaki wakapungua, vinywa vikajaa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusema neno.

Gwantwa alisimama katikati yao, jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, akitazama sinia.

"Jamani," alisema, "na mimi nimwagieni maji."